Tufe la dunia lenye taa: lilivyofaulu na lilivyokwama kulinganisha Nakuru na Quito

Tufe ninaloliandikia hapa ni lile la plastiki lenye kipenyo cha sentimita 30, lililosimikwa juu ya mguu mweusi na kutiwa taa ndani, ambalo siku hizi linapatikana katika maduka kadhaa ya vitabu na vifaa vya shule mjini Nakuru. Langu nililipata kwa shilingi 3,800 baada ya kuelewana na muuzaji. Taa ikiwa imezimwa, tufe huonyesha ramani ya kisiasa, kila nchi na rangi yake. Taa ikiwashwa, rangi hizo hufifia na badala yake huibuka milima, nyanda, majangwa na mikondo ya bahari. Ni ramani mbili kwa bei ya moja, na muuzaji atakueleza hivyo kabla hata hujalishika.

Mimi nafundisha Maarifa ya Jamii, na kifaa cha kufundishia sikinunui kwa kuwa kinapendeza mezani. Nilitaka kujua kama mwanafunzi wa hapa Nakuru anaweza kulitumia tufe hili kulinganisha mji wake na mji mwingine ulio mbali sana, kwa kuangalia mahali ulipo, tabianchi yake na idadi ya watu wake. Maswali ya namna hiyo yamejaa katika vitabu vya somo letu, na kwa kawaida wanafunzi huyajibu kwa kunakili jedwali ambalo wanalisahau kabla ya Ijumaa. Mji niliouchagua uwe mtihani wa tufe ni Quito, mji mkuu wa Ekuador katika Amerika Kusini. Quito na Nakuru yote iko kusini kidogo tu mwa Ikweta, yote iko kwenye nyanda za juu, yote ina volkano ubavuni, na kila mmoja una jirani anayelima maua ya waridi ya kuuza ng'ambo. Miji inayofanana kiasi hicho ndiyo inayopima kifaa barabara, kwa maana tofauti ya Nakuru na Greenland haihitaji mtu atoe shilingi 3,800 ili aione.

Katika suala la mahali, tufe lilistahili kila senti. Nakuru iko takribani digrii 0.3 kusini mwa Ikweta na digrii 36 mashariki, ilhali Quito iko digrii 0.2 kusini na digrii 78.5 magharibi. Tarakimu hizi zikiandikwa ubaoni, mtoto huzitazama kama namba za simu za watu asiowajua. Nilimpa mwanafunzi mmoja uzi, nikamwambia abane ncha moja hapa petu, kisha auvute kuelekea magharibi hadi Quito na kuupima kwa rula. Alipata sentimita 30. Mzingo wa tufe kwenye Ikweta ni sentimita 94 na ushei, na mzingo wa dunia mahali hapo ni kilomita 40,075, hivyo kila sentimita ya uzi inawakilisha kilomita 425 hivi. Ukizidisha mara 30 unapata kilomita 12,750. Tulipokokotoa upya kwa kutumia tofauti ya longitudo, jibu lilikaribiana na hilo kiasi kwamba darasa zima lilitulia. Ni kweli kwamba ramani ya ukutani nayo ingefaulu katika zoezi hili, kwa sababu miji yote miwili iko kwenye Ikweta ambako ramani bapa hazipotoshi sana. Jaribu, hata hivyo, kuunganisha Nakuru na Toronto, na utaona uzi ukinyooka juu ya ramani ya ukutani mahali ambapo njia fupi haipiti kabisa, wakati kwenye tufe unajitafutia njia yenyewe mara tu ukiukaza.

Kilichonifurahisha zaidi ya umbali ni nchi ambazo uzi ule ulizikanyaga. Ukitoka Nakuru unavuka Ziwa Viktoria, unapita kusini mwa Uganda, unaingia Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kisha Kongo ya Brazzaville na Gabon, halafu Bahari ya Atlantiki inaanza. Upande wa pili unatua Brazili penye mlango wa mto Amazon, karibu na mji wa Macapá ambao Ikweta inaukata, unapenya msitu mrefu, unagusa kusini mwa Kolombia, na mwisho unaikwea milima ya Andes. Kwa maneno mengine, mstari mmoja wa latitudo una Nakuru mwisho mmoja, Quito mwisho mwingine, na katikati yake imo misitu miwili ya mvua iliyo mikubwa kuliko yote duniani. Mwanafunzi anayeliona jambo hilo kwa macho yake huuliza mwenyewe, bila kusukumwa, inakuwaje mstari huo huo uwe na joto zito na miti isiyoisha katikati, na sweta za asubuhi kwenye ncha zake mbili. Swali hilo halijawahi kuulizwa darasani kwangu kutokana na jedwali.

Juu ya ncha ya kaskazini kuna duara dogo la saa ambalo wanunuzi wengi hulidhania kuwa pambo. Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa, na kati ya Nakuru na Quito kuna digrii 114.5 hivi, kwa hiyo duara linakupa tofauti ya saa saba na dakika 38. Fungua simu yako, nayo itakuambia tofauti ni saa nane kamili: Nakuru ikiwa saa mbili asubuhi, Quito ni saa sita ya usiku. Wanafunzi walidai tufe limekosea, lakini majibu yote mawili ni sahihi. Saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa longitudo ya digrii 45 mashariki, ambayo haigusi hata ncha ya Mandera, hivyo jua letu la Nakuru huchelewa nyuma ya saa ya ukutani kwa takribani dakika 36. Saa ya Ekuador bara imepangwa kwa digrii 75 magharibi, na jua la Quito huchelewa kwa dakika 14. Toa 14 katika 36, unabaki na 22, nazo ndizo zinazokosekana kati ya duara la tufe na saa ya simu. Ndiyo maana hapa Nakuru jua huchomoza mnamo saa kumi na mbili unusu mwaka mzima, jambo ambalo kila anayewahi matatu ya asubuhi analijua lakini ni wachache waliowahi kulieleza.

Sasa nifike kwenye kasoro ambayo kwa wakaazi wa Ikweta si ndogo. Tufe hili limetengenezwa kwa nusu mbili zilizogandishwa pamoja, na mshono wake umepita juu ya Ikweta yenyewe, ukiwa umefunikwa kwa utepe mwembamba mweupe wenye vipimo vya digrii. Upana wa utepe huo haufiki nusu sentimita, lakini kwa skeli ya tufe hiyo ni karibu kilomita 200. Chini yake imezama Nakuru, Maseno, Nanyuki na sehemu nzuri ya ufuo wa Ziwa Viktoria. Kisumu jina lake limeandikwa pembeni na nukta yake imekatwa nusu. Quito nayo imebakishiwa jina, huku alama yake ya mji mkuu ikichungulia chini ya utepe kama jicho la usingizi. Mtu wa Ulaya hawezi kuliona tatizo hili, kwa kuwa mji wake uko mbali na mshono. Nilipomwonyesha muuzaji alisema, "Mwalimu, hayo yote yako hivyo, mpaka ununue yale makubwa." Kwa aina alizokuwa nazo rafuni, alisema kweli. Mimi niliweka nukta ya Nakuru kwa kalamu ya wino usiofutika, na ninamshauri kila atakayelinunua afanye vivyo hivyo.

Tabianchi ndiyo iliyonichukulia muda mrefu, na hapa ndipo taa ya ndani ilipojaribiwa. Ukiiwasha, nyanda za chini huwa za kijani, sehemu zilizoinuka huwa za njano, na milima huwa ya kahawia inayokolea kadiri mwinuko unavyoongezeka. Ekuador inapendeza sana kuitazama namna hii. Pwani yake, uliko mji wa Guayaquil, ni kijani. Umbali unaopungua sentimita moja kutoka hapo, kahawia nzito ya Andes inasimama kama ukuta. Na upande wa pili kijani cha bonde la Amazon kinaanza tena. Kwa hesabu ya mwinuko, Guayaquil iko karibu na usawa wa bahari na wastani wake wa joto ni wa digrii 26 hivi, wakati Quito, iliyo mita 2,850 juu ya usawa wa bahari, ina wastani wa digrii 14 au 15. Mtoto wa Nakuru anaweza kulinganisha na kwao mara moja, kwa kuwa Mombasa, Kisumu na Nakuru hufuata ngazi hiyo hiyo: Mombasa ufuoni, Kisumu kwenye mita 1,130 ikiwa na wastani wa digrii 23 hivi, na Nakuru kwenye mita 1,850 ikiwa na digrii 17 au 18.

Tatizo ni kwamba rangi hizo zinaonyesha mwinuko tu, wala hazisemi lolote kuhusu joto au mvua, na karatasi ya maelezo haimwonyi mnunuzi kuhusu hilo. Karibu kila mtoto anayeitazama rangi ya njano anaamua kwamba hapo ni jangwani, na kwa kosa hilo Nakuru, Eldoret na Kitale zinageuka kuwa nchi kame, huku Turkana yenye sehemu nyingi za chini ikipakwa kijani kibichi. Mzazi anayemnunulia mtoto tufe hili bila kuwa karibu naye siku za mwanzo anaweza kumfundisha jiografia ya kinyume.

Jambo jingine ni kwamba mwinuko wenyewe, ambao ndio unaozitofautisha Nakuru na Quito na misitu iliyo katikati, hauwezi kuonekana kwenye tufe la ukubwa huu. Kwa skeli yake, mita 2,850 za Quito ni chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita, yaani wembamba kuliko karatasi ya daftari. Dukani kulikuwa na tufe jingine lenye milima iliyovimba unayoweza kuipapasa, na bei yake ilikuwa imepita shilingi elfu sita, lakini uvimbe huo umekuzwa mno kupita kiasi halisi na ungemfanya mtoto adhani watu wa Quito wanaishi angani. Nililiacha. Bora mtoto akubali kwamba milima ni midogo sana mbele ya dunia, kisha ashangae jinsi udogo huo unavyotosha kugeuza hali ya hewa. Kwa kawaida hewa huru, yaani iliyo mbali na ardhi, hupoa kwa digrii sita na nusu hivi kila upandapo mita elfu moja. Quito iko mita elfu moja juu ya Nakuru, lakini tofauti ya wastani wa joto kati yake ni digrii tatu au nne tu, kwa sababu uwanda mpana ulioinuka hupashwa na jua na kuipasha hewa iliyo juu yake. Usiku miji hiyo miwili hukaribiana, kila mmoja ukishuka hadi digrii kumi hivi. Tofauti hujitokeza mchana, Nakuru inapofika digrii 25 na zaidi, ilhali Quito huishia kwenye 20 hivi.

Waridi zinaeleza hali hii kuliko kipimajoto. Naivasha, ambayo iko katika Kaunti ya Nakuru, na Cayambe, mji ulio kaskazini mashariki mwa Quito, zote hutoa waridi zinazouzwa Ulaya na Marekani, na Kenya na Ekuador zimo miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa kuuza maua yaliyokatwa. Ua hilo linataka mwanga wa saa kumi na mbili usiobadilika mwaka mzima, jua kali la mchana na ubaridi wa usiku. Ikweta peke yake ingelipa mwanga na kuliunguza kwa joto; mwinuko ndio unaoleta ubaridi. Kwa kuwa Cayambe iko juu zaidi, waridi zake hukua polepole na huwa na vikonyo virefu na vichwa vikubwa. Nilipolieleza jambo hili huku taa ikiwaka, wanafunzi ambao wazazi wao hufanya kazi kwenye mashamba ya maua ya Naivasha walikuwa na mengi ya kusema kuliko mimi.

Mvua ndiyo inayoitenganisha miji hii kabisa, na tufe haliisemi hata kidogo. Miji yote miwili hupata kilele cha mvua karibu na mwezi wa Aprili, wakati ukanda ambamo pepo za kaskazini na za kusini hukutana unapopita juu ya Ikweta. Baada ya hapo kila mji unashika njia yake. Julai na Agosti ndiyo miezi mikavu ya Quito, na hapo ndipo wenyeji wanapoona jua la kutosha, ilhali Nakuru hupata mvua nyingine ya Agosti ambayo wakulima wa Njoro na Molo wanaitegemea. Januari na Februari mambo hugeuka: Nakuru inakauka na vumbi linatimka, na Quito imo katikati ya masika yake. Mtu akitazama jumla ya mwaka peke yake, ambayo kwa miji hii inakaribiana, yaani milimita mia tisa na zaidi kwa Nakuru na elfu moja na zaidi kwa Quito, atasema tabianchi ni ile ile. Mkulima akihama kutoka mji mmoja hadi mwingine na kalenda yake ya kupanda, atavuna majani.

Pamoja na hayo, kuna kipengele kimoja cha tabianchi ambacho tufe hili lilikionyesha vizuri kuliko nilivyotarajia, nacho ni mikondo ya bahari. Taa ikiwaka, mishale ya buluu inaonyesha maji baridi na mishale myekundu maji ya joto. Mkondo wa Humboldt unapanda kutoka kusini ukiambaa na Chile na Peru, kisha unageukia magharibi kuelekea visiwa vya Galápagos, ambavyo ni mali ya Ekuador na vimekaliwa na pengwini ingawa Ikweta inavipitia. Ni katika maji hayo ambapo wavuvi wa Peru na Ekuador waliiona zamani hali ya bahari kupata joto isivyo kawaida karibu na Krismasi, wakaiita El Niño. Kila mtu mzima wa Nakuru analijua jina hilo kwa sababu ya mvua za mwaka 1997 na mwanzoni mwa 1998 zilizobomoa barabara na madaraja nchini Kenya, na wanafunzi wanalijua kwa sababu ya mvua za mwishoni mwa 2023. Joto la bahari iliyo mbele ya Ekuador hubadilisha mzunguko wa hewa kuizunguka Ikweta, na mara nyingi, hasa Bahari ya Hindi ya upande wetu inapopata joto pia, mvua zetu za vuli huzidi kipimo. Ukiweka kidole kimoja kwenye Galápagos na kingine Nakuru, mtoto anaelewa kwamba umbali wa kilomita elfu kumi na kadhaa hauizuii bahari ya wenzetu kutuharibia barabara. Kwa somo hilo peke yake nisingerudisha tufe dukani.

Niongeze jambo dogo linalohusu umbo. Ekuador ndiko walikokwenda wanasayansi wa Ufaransa katika miaka ya 1730, Charles-Marie de La Condamine akiwa mmoja wao, kupima urefu wa digrii moja ya latitudo, na vipimo vyao vilisaidia kuthibitisha kwamba dunia imevimba kwenye Ikweta. Kwa sababu ya uvimbe huo kilele cha Chimborazo, chenye mita 6,263 tu kutoka usawa wa bahari, kiko mbali zaidi na kitovu cha dunia kuliko kilele cha Everest. Tufe langu ni mviringo kamili, na mwanafunzi mmoja alitaka kujua kama huo ni udanganyifu. Tofauti ya kipenyo cha Ikweta na kile cha kutoka ncha hadi ncha ni kilomita 43 hivi, ambayo kwenye tufe la sentimita 30 ni milimita moja. Mtengenezaji amesamehewa.

Kuhusu idadi ya watu, tufe halifai. Miji imewekewa alama za ukubwa wa aina tatu, na ufafanuzi wake umechapishwa kwa herufi ndogo sana katika bahari ya kusini, karibu na Antaktika, mahali ambapo mguu wa tufe unaziba. Quito ina nyota ya mji mkuu ambayo haikwambii chochote kuhusu wingi wa watu. Kijitabu kinachokuja ndani ya boksi kina orodha ya nchi na idadi ya watu, lakini hakitaji mwaka, na Kenya imepewa milioni 38, idadi inayolingana na sensa ya 2009. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 47,564,296. Takwimu ya watu isiyo na mwaka haina maana yoyote, na ningependa wachapishaji wa vijitabu hivi walipishwe faini.

Ilibidi tuzitafute namba wenyewe, na zilizaa somo lenye utamu wa kutosha. Sensa ya Ekuador ya 2022 iliihesabia Wilaya ya Jiji la Quito watu takribani milioni 2.68. Mwanafunzi anayetafuta Nakuru atakuta namba mbili: 570,674 kwa mji na 2,162,202 kwa kaunti, zote za mwaka 2019. Akichukua ya kwanza, Quito inaonekana kuwa karibu mara tano ya Nakuru. Akichukua ya pili, pengo linakuwa dogo. Ulinganisho wa haki ni ule wa pili, kwa maana wilaya ya Quito nayo ni eneo pana lenye vijiji, mashamba na misitu, lililo na kilomita za mraba 4,200 na ushei, kama vile kaunti yetu inavyojumuisha Naivasha, Gilgil, Molo, Njoro na Kuresoi katika kilomita za mraba 7,500 hivi. Ukigawanya, kaunti ina watu 290 hivi kwa kila kilomita ya mraba na wilaya ya Quito ina zaidi ya 600. Quito imesongamana zaidi, na sehemu kubwa ya watu wake wanaishi mjini kwenyewe, ndani ya bonde refu jembamba chini ya volkano ya Pichincha. Kwetu, robo tatu ya watu wa kaunti wanaishi nje ya mji wa Nakuru.

Kasi ya kuongezeka nayo inatofautiana. Kaunti ya Nakuru ilikuwa na watu 1,603,325 mwaka 2009, hivyo kwa miaka kumi imeongezeka kwa zaidi ya theluthi moja. Wilaya ya Quito ilikuwa na milioni 2.24 mwaka 2010, na katika miaka kumi na miwili imeongezeka kwa takribani moja ya tano. Mtu anayeishi hapa haihitaji sensa ili kulijua hilo; inatosha atazame Lanet au Free Area ilivyojengeka. Ukirudi kwenye nchi nzima, sensa ya 2022 iliihesabia Ekuador watu milioni 16.9 katika eneo linalokaribia nusu ya Kenya, na zaidi ya nusu yao wako mijini, wakati Wakenya walioko mijini hawafiki theluthi moja kwa sensa ya 2019. Hakuna lolote kati ya haya ambalo taa ya tufe inaweza kulimulika.

Kwa upande wa uimara, mguu ni wa plastiki nyepesi na tufe huyumba kidogo likizungushwa kwa nguvu, ingawa mwinamo wake wa digrii 23.5 umetengenezwa sawasawa. Balbu ni ya kawaida na hupatikana kwa mafundi wa umeme, lakini waya ni mfupi, na darasa lisilo na soketi karibu na ubao litahitaji kebo ya kurefusha. Umeme ukipotea, unabaki na ramani ya kisiasa peke yake. Ramani hiyo imeonyesha Sudan Kusini kama inavyopaswa tangu 2011, lakini bado imeandika Swaziland, ambayo ilibadilisha jina kuwa Eswatini mwaka 2018. Dukani hakuna waranti zaidi ya kujaribiwa kwa taa mbele yako, na huduma ilikuwa ya heshima.

Kwa mzazi mwenye mtoto mmoja au wawili nyumbani, bei hiyo inafaa, mradi awe tayari kuketi naye na kumweleza maana ya rangi. Kwa darasa la wanafunzi hamsini au zaidi, sentimita 30 ni chache. Waliokaa nyuma huona mpira wa buluu tu, na ni afadhali shule ichangishe fedha kwa tufe la sentimita 40 lisilo na taa kuliko kununua mawili ya aina hii. Ukienda kulinunua, mwombe muuzaji awashe taa, kisha uzungushe Ikweta yote taratibu huku ukitazama utepe wa mshono, kwa sababu katika yale niliyoonyeshwa mengine nusu ya juu haikukutana na ya chini vizuri na Ziwa Viktoria lilikuwa limegawanyika vipande viwili visivyolingana.